Nyumba ya Mlimani na Nyumba ya Njoro

Wenzangu mnaobaki na mafaili, nimestaafu kazi ya uthamini wa nyumba bila kulijibu swali moja, na naliweka hapa mwanzoni ili mlichukue nanyi. Kwa nini sisi watu wa mlima tunajenga nyumba zetu nzuri mahali tusipolala, kisha tunalala maisha yote katika nyumba ambazo hata rangi tunaona uvivu kuzipaka? Nimepima nyumba za Moshi mjini na za migombani huko juu tangu nikiwa msichana mpaka nimekuwa bibi mwenye miwani ya aina mbili, ya mbali na ya karibu. Kila nilipodhani nimepata jibu, Mungu alinipeleka kwenye nyumba nyingine.

Siku yangu ya kwanza nilipelekwa Pasua na Mzee Anaeli, aliyekuwa mthamini mkuu wakati ule. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, anayevaa koti la mvua hata kiangazi. Nilidhani tutafika, tutapima, tutaondoka. Tulifika kwa mfanyabiashara wa vitunguu, na Mzee Anaeli akakaa. Akapewa chai, akanywa. Akauliza habari za watoto, za mvua, za bei ya magunia. Mimi nilikuwa nimeshika utepe mkononi kama askari mwenye silaha isiyo na vita. Tulipobaki wawili nikamuuliza kwa nini hatuanzi.

"Tumeshaanza," alisema. "Ukipima kabla hujakaribishwa, umepima matofali tu. Unajua sasa hivi nani analala chumba kile cha nyuma?"

Sikujua. Yeye alikwisha kujua kwamba ni mama mkwe wa mwenye nyumba, na kwamba mlango wa chumba kile hugoma kufunguka mvua zikianza. Hiyo ndiyo habari ya msingi wa nyumba kuzama upande mmoja, na alikuwa ameipata kwa kikombe cha chai.

Mengine aliyonifundisha ni haya, mtumie mnayoyataka. Ukuta ugongwe kwa fungu la funguo na sikio likiwa karibu. Lipu iliyoshikana na tofali hujibu kwa sauti fupi, na iliyoachana nalo hulia kama debe tupu. Ukienda Mabogini, karibu na majaruba ya mpunga, usiangalie sakafu kwanza. Piga magoti utafute mstari wa maji ukutani nyuma ya kabati, kwa sababu kabati ndilo husogezwa kuuficha. Choo omba kukiona mwisho kabisa, mwenye nyumba akiwa ameshakuzoea, maana ukianza nacho ataona aibu na atakuficha na mengine. Na kuhusu mbwa, mniamini, kitambulisho cha kazi hawakisomi. Simameni getini mpaka mwenyewe aje.

Siku hizi mnapima kwa kile kifaa cha taa nyekundu, mnalenga ukuta kinawapa urefu. Nakipenda, sikatai maendeleo. Ila utepe ulikuwa na faida moja: lazima mtu wa pili aushike upande wa pili, na mtu akishika utepe wako huanza kuongea. Nimejifunza mambo mengi ya mji huu kutoka kwa watu walioshika ncha ya utepe.

Katika taarifa zetu kuna sehemu ya kueleza hali ya eneo na wakazi wake. Wengi huandika mstari mmoja, kwamba wakazi ni wa kipato cha chini na umri mkubwa, basi. Mimi sehemu hiyo ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Naamini kila nyumba ina watu ambao Mungu anawajua kwa majina, na mthamini anayeondoka bila kujua hata mmoja amefanya nusu ya kazi. Mkuu wangu aliyemfuata Mzee Anaeli alizoea kunikata. "Dada, benki haikopeshi kwa habari za mjukuu," aliniambia. Nikawa naandika ndefu, yeye anafupisha, na wote tukaishi kwa amani.

Sasa niwasimulie nyumba iliyonisumbua kuliko zote. Ilikuwa Njoro, katika kichochoro cha nyumba kuukuu za korido, zile zenye vyumba kushoto na kulia na ua nyuma. Eneo lile lilikuwa fumbo kwangu kwa muda mrefu. Liko karibu na soko, karibu na hospitali, maji yanapatikana, na bado kodi zake zilikuwa nafuu kuliko za mitaa iliyo mbali na mbaya zaidi. Wenye nyumba karibu wote walikuwa wazee: wanawake waliochambua kahawa ujanani, wanaume waliostaafu kazi za mashine na stoo, wajane wengi. Chumba kikipata nafasi hakikai wazi, na wala hakitangazwi. Madalali walilia kwamba kichochoro kile hakina biashara.

Aliyeniita ni Godlisten, kifungua mimba wa Bibi Apaikunda. Yeye anaishi Dar es Salaam, ana kampuni ya vifaa vya ujenzi, na ni mtoto mwema. Naomba mlishike hilo, maana simulizi za namna hii hupenda kumfanya mtoto wa mjini kuwa mwizi. Alikuwa amemjengea mama yake nyumba kubwa mlimani, kwenye kihamba cha ukoo, yaani lile shamba la nyumbani la migomba na kahawa ambamo baba yake amezikwa. Sasa alitaka kuuza ya Njoro na kumhamishia mama yake kule. Mnunuzi alikuwa tayari, anataka kubomoa ajenge hosteli, na angekuja Jumatatu kukamilisha. Mimi niliitwa Ijumaa.

"Mama Mthamini, hii ni kazi ndogo," Godlisten alisema tukiwa uani. "Ukuta umechoka, bati limechoka, choo kiko nje. Thamani ni kiwanja tu."

Bibi Apaikunda alikuwa ameketi kwenye kigoda anachambua mchele. "Na mimi nimechoka," alisema. "Hukunitaja."

"Mama, jamani!"

"Nakusaidia kuorodhesha, mwanangu."

Juu ya ua wa matete kilitokea kichwa cha jirani yake, Mama Zuhura, mtandio kichwani na mwiko mkononi. "Godi, shikamoo hujanipa na umeshaanza kuuza. Unauza nyumba au unamuuza mama?"

"Shikamoo, Mama Zuhura. Nyumba tu."

"Marahaba. Ah, nyumba tu! Mimi niliona kama vimeshikana."

Godlisten alicheka, lakini aliponisindikiza kupima chumba cha mbele alishusha sauti. Mwaka uliopita, wakati wa masika, mama yake alianguka akienda choo cha nje. Tangu siku ile, alisema, simu ikilia anaiogopa kabla hajaona jina. Kule mlimani choo kiko ndani, bafu lina vyuma vya kushikilia, maji ya moto yapo. "Nifanye nini zaidi?" aliniuliza. Kazi yangu haikuwa kumpa jibu, nikaendelea kupima.

Nilipomaliza kupima, Bibi Apaikunda alinyanyuka. Kwa desturi yetu mama hambishii mzaliwa wa kwanza mbele ya mgeni, na hakumbishia. "Sikatai," alisema. "Ila naomba mthamini apime zote mbili. Mtu hauzi mbuzi mmoja bila kumkagua yule anayebaki naye." Godlisten alisema hakuna shida, kesho asubuhi twende wote na gari lake.

Jumamosi nilifika Njoro mapema kuliko walivyonitarajia. Nikakaa kwenye kibaraza kumngoja Godlisten aliyekuwa amelala hotelini, na hapo nikaona kitu ambacho katika miaka yote ya kupita kichochoro kile sikuwahi kukiona, kwa sababu sisi watu wa ofisi hufika chai ikishanywewa. Kila mzee alitoka na ufagio wake wa chelewa akafagia mbele ya mlango wake. Hawakufagia kwa sababu pana uchafu, palikuwa safi. Walifagia polepole, huku wakitazama kushoto na kulia, mistari ya ufagio ikibaki ardhini kama nywele zilizochanwa.

"Mnafagia nini, Mama Zuhura?" nilimuuliza.

"Tunafagia ili tuonekane," alisema. "Muuza maziwa akipita na mlango wako haujafagiwa, mimi nakuja kugonga. Ukinijibu kwa hasira, nashukuru Mungu, narudi zangu."

"Na usipojibiwa?"

"Tunavunja kitasa. Hapa vitasa ni vya bei rahisi kwa makusudi."

Basi ndipo fumbo langu la kodi likaanza kufunguka, nikawa nauliza kama mtoto. Mzee wa kichochoro kile anapompangisha mtu hatafuti anayetoa kodi kubwa. Anamuuliza: unaamka saa ngapi, usingizi wako ni mzito, ukisafiri utaaga? Mpangaji wa Bibi Apaikunda alikuwa nesi aliyepewa chumba kizuri kwa kodi ndogo kwa sharti kwamba dirisha lake la upande wa korido halifungwi. Wazee wale walikuwa wamepunguza kodi wenyewe ili wachague watu. Nimesoma vitabu vya uthamini, nimehudhuria semina zenye chakula kizuri, na sijapata kuona mahali palipoelezwa kwamba kodi inaweza kuwa ndogo kwa sababu sehemu yake inalipwa kwa masikio.

Tukapanda mlimani. Mnaijua njia: joto la mjini linaachwa nyuma, hewa inakuwa na harufu ya majani mabichi, migomba inafunga pande zote. Kinachonishangaza siku hizi ni mageti. Nyumba za rangi, vigae juu, vioo vya bluu, na geti limefungwa kwa mnyororo. Nyingine nimezipima mwenyewe zikiwa mpya, na nikazikuta baadaye zina kila kitu zilichokuwa nacho siku ile isipokuwa moshi wa jikoni.

Nyumba ya Godlisten ilikuwa nzuri kweli. Niligonga kuta zote na zote zilijibu vizuri. Sebuleni viti vya plastiki vilipangwa mpaka karibu na dari, vikisubiri Krismasi. Chumba cha Bibi kilikuwa chini, Mungu ambariki aliyefikiri hivyo, chenye kitanda kipana cha mninga na godoro ambalo bado lilikuwa na nailoni. Bibi alikaa juu yake mara moja, akatabasamu, akasema, "Hili linanifaa." Kisha akatoka kwenda kwenye kaburi la mumewe, lililozungushiwa masale, ile mimea yetu ya mipaka, akang'oa magugu huku akimpa habari za Njoro kwa Kichagga, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliyetoka sokoni.

Godlisten alinifuata barazani. "Haya, Mama Mthamini. Hii sasa ni nyumba. Ina thamani gani?"

"Kuijenga upya ni gharama kubwa sana," nilimwambia. "Kuiuza, sijui nani atainunua. Ni kihamba, baba yako amelala pale. Ukoo hautakubali mgeni. Na wa ukoo kila mmoja ana ya kwake, imefungwa vilevile."

"Kwa hiyo haina thamani?"

"Sikusema hivyo, baba. Nimesema haina mnunuzi."

Aliangalia vigae alivyovileta mwenyewe kutoka Dar. Hapo Bibi Apaikunda alirudi kutoka kaburini, akapanda barazani kwa kushika kiuno, akaelekea upande wa jirani. Zamani migombani hatukupigiana simu. Mtu alisimama uani akaita, na jirani akaitika akiwa jikoni kwake. Bibi akavuta pumzi akaita jina la rafiki yake wa usichana, aliyeolewa boma la pili.

"Ndelilio! Ee Ndelilio!"

Palikuwa kimya. Akaita tena. Ndipo mwanamume wa makamo akatokea kwenye ua wa masale, amevaa koti zito na kofia ya sufu imefunika masikio.

"Shikamoo, bibi. Wenyewe hawapo. Mama mkubwa walimchukua Dar. Watakuja Krismasi."

"Marahaba. Na wa boma lile la chini?"

"Nao Krismasi, bibi."

"Na kule kwenye geti jekundu?"

"Wale hata Krismasi iliyopita hawakuja. Walituma pesa ya rangi."

"Na wewe wa wapi, baba?"

"Singida, bibi. Nalinda. Nalinda hii na hizo mbili za chini."

"Karibu sana Uchagani."

"Asante, bibi. Ila kuna baridi jamani!" Akarudi migombani akisugua mikono.

Bibi aliketi. Hakumtazama mwanawe. Godlisten ndiye aliyeanza, na sauti yake haikuwa ile ya Ijumaa.

"Mama, siku ile ulipoanguka, nesi alinipigia akasema uko hospitali. Sikuuliza. Nani alikukuta?"

"Nesi alikuwa zamu. Alinikuta Mama Zuhura. Sikuwa nimefagia."

Ilibidi nimweleze mimi maana ya maneno hayo, kuhusu ufagio na muuza maziwa, kwa sababu Bibi alidhani kila mtu anajua. Godlisten alisikiliza mpaka mwisho. Aliangalia upande alikotokea yule mlinzi, akaangalia chini kwenye mageti, na nikaona anapiga hesabu ambayo sisi wathamini hatukufundishwa.

"Nilitaka ukae pazuri, Mama," alisema.

"Na umenijengea pazuri. Kila Jumapili nakutaja kanisani kwa hili. Umenijengea mahali pa kuzikwa karibu na baba yako, na watu watakaa kwenye viti vile, hawatanyeshewa." Alimshika mkono. "Lakini sijafa, Godi. Usinilete kabla ya wakati."

Nimesali katika nyumba nyingi za wafiwa na katika harusi nyingi, ila pale barazani nilijisikia niko ibadani kuliko kote. Nilishuka ngazi nikajifanya napima mfereji wa maji ya mvua, mfereji ambao nilikuwa nimeshaupima.

Baada ya muda Godlisten aliniita kutoka ndani. "Mama Mthamini, hebu nishikie utepe hapa. Mlango huu, kitanda kile kinatoka?"

Kilitoka, kwa kukilaza ubavu. Yule mlinzi wa Singida alikuja kusaidia, na kazi ikampunguzia baridi. Wakatoa godoro. Godlisten akaomba bisibisi akafungua vile vyuma vya kushikilia bafuni, akavifunga kwenye shuka. Alisema Jumatatu fundi ataanza choo cha ndani Njoro, na lile bati litabadilishwa kabla ya vuli. Alimpigia dalali simu mbele yetu. Dalali alipiga kelele tukazisikia wote. "Mwambie mnunuzi nyumba ina mtu," Godlisten alisema, akakata.

Mama yake alikuwa amesimama akiangalia mahali palipokuwa na kitanda chumbani. "Na Krismasi nitalala wapi?"

"Utalala na wajukuu, kwenye mkeka."

"Watanipiga mateke."

"Ndiyo Krismasi hiyo, Mama."

Tuliteremka polepole, kitanda kimefungwa kamba nyuma ya pikapu. Bibi alikaa mbele, mimi nimebanwa katikati. Mnajua kwamba barabara zetu huona samani zikipanda, hasa Desemba. Kuziona zinashuka ni jambo la kuuliza. Kwenye kona ya kwanza mzee mmoja wa jirani, aliyekuwa ametoka kukata migomba, alisimama katikati ya njia akainua mkono. Godlisten akasimamisha gari na kumwamkia.

"Marahaba, marahaba. Godi, mmefiwa?"

"Hapana, baba. Mama anahamia Njoro."

Mzee aliinama akamwona Bibi Apaikunda dirishani, mzima, akimpungia. Akaangalia kitanda. Akamwangalia tena Bibi. "Si ndiko anakokaa tangu nyinyi hamjazaliwa?"

"Alikuwa anapita tu, baba," Godlisten alisema. "Sasa ndiyo anahamia."

Mzee alifikiri sana juu ya hilo. Kisha akazunguka nyuma ya gari na mkungu wake wa ndizi, akaupandisha kwa shida, akaulaza juu ya godoro. "Basi mtu hahamii mikono mitupu," alisema, akaturuhusu kupita. Tukashuka mpaka mjini na Bibi Apaikunda akigeuka kila mara kuangalia nyuma, akimhimiza mwanawe aende taratibu, utomvu wa ndizi usije ukalichafua godoro jipya.